Madam Augusta wa Seven Hills

Jumamosi, 2 Agosti

Nimepata kazi mpya. Haina mshahara. Mimi, Zilpah, nesi wa wodi ya wazee, binti wa mkulima wa miwa kutoka Mumias, nitakuwa mwanamke mwenye shamba la pamba kule Georgia, Marekani, katika karne ya kumi na tisa. Mjane tajiri. Mwenye watumwa! Nimecheka hadi mbavu zinauma.

Ilikuwa hivi. Kikundi cha maigizo cha hapa mtaani kwetu, Seven Hills, kinaandaa mchezo ulioandikwa na Bronwyn, mwalimu mstaafu, ambaye ndiye pia anatuelekeza. Nilijiunga mwezi wa tano kwa sababu meneja wangu alisema nijichanganye na watu. Na kwa sababu shuleni nilifika fainali za taifa za drama, jambo ambalo sijamruhusu mtu yeyote Sydney alisahau. Leo tulikuwa tunagawana wahusika. Ilipofika zamu ya Madam Augusta, mwenye shamba, akina mama wote wa Kizungu wakaanza kutazama sakafu. Mmoja akasema mgongo unamsumbua. Mwingine akasema mjukuu wake hatamsamehe. Hakuna aliyetaka kuwa mbaya! Basi Bronwyn akanigeukia, akasema mimi nina presence, yaani nikisimama watu wanatazama.

Presence. Ningekataaje? Mtu akinisifu huwa nafinyangika kama ugali moto.

Owuor, mume wangu, alicheka akajimwagia chai kwenye shati. Shirleen akamletea lingine, limeshapigwa pasi. Huyu ni mtoto wa dada yangu, tulimleta kusoma kozi ya kutunza wazee. Anakaa nasi, anatuangalilia mapacha wetu. Sijui tungekuwa wapi bila yeye. Tungekuwa uchafuni, nadhani.


Jumanne, 5 Agosti

Mazoezi ya kwanza. Mchezo wenyewe si mbaya. Mume wa Augusta amekufa, ameacha pamba shambani na wadai mlangoni. Kijana mkubwa anataka wauze kila kitu wahamie Texas. Mdogo ni mlevi. Binti anaolewa na anataka zawadi yake ya harusi iwe Hester, mpishi wa nyumbani. Hester naye anaomba ruhusa aende akaishi na mumewe kwenye shamba la jirani. Kila mtu anavuta kwake. Augusta anatembea na funguo kiunoni, anafungia sukari, analia kwamba hakuna anayemhurumia. Kila ukurasa anasema "watu wetu ni kama familia." Nikamwambia Bronwyn mama huyu anachekesha. Hajioni!

Shida ni nani atakuwa watumwa. Bronwyn akaniuliza kwa sauti ndogo, masikio mekundu, kama "kwenye jamii yenu" kuna watu wangependa. Nikampigia Niyongabo, Mrundi wa kanisani kwetu anayeendesha forklift kwenye ghala kule Smithfield. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Dada Zilpah," akasema, "mimi nilikimbia Burundi, nikakimbia tena kambini Tanzania. Sasa unataka nikimbie na jukwaani Jumamosi, tena bure?"

Basi wameamua kutumia viti. Viti vitupu vya ukumbi, kila mtumwa kiti chake, na mama mmoja nyuma ya pazia anasoma maneno yao. Mimi Augusta nitawagawia watoto wangu viti badala ya watu. Ndiyo sanaa ya kisasa.


Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya.

Nimerudi kutoka shift, nyumba inang'aa, mapacha wameoga, samaki yuko mezani. Nikajua kuna neno. Nyumba haing'ai hivyo bure.

Shirleen akasema, "Aunty, nilikuwa nataka tuongee. Nimepata job. Ile home ya wazee nilifanya placement, wamenitaka. Full-time. Diane ana room kwake Villawood, amesema tushare. Ningependa kuhama tarehe ishirini na tatu."

Diane ni yule msichana Mrundi wa kwaya. Nilidhani anamfundisha nyimbo!

Nikasema, na watoto je? Hizo ndizo zilikuwa pongezi zangu. Halafu nikaendelea. Nikasema: baada ya yote niliyokufanyia? Nimekutoa nyumbani, nimekuweka hapa kama mtoto wangu wa kuzaa, unakula bila mtu kukuhesabia tonge. Watoto wamekuzoea, ukienda sasa utawavunja roho. Kwani hapa umekosa nini?

Shirleen akageukia sinki. Akaosha vikombe. Mapacha, Apiyo na Adongo, walikuwa wanatazama kutoka kwenye ngazi.


Jumapili, 10 Agosti

Kanisani nilimwona Diane, nikamsalimia kwa meno.

Mchana nilimpigia dada yangu Rasoa kule nyumbani, nikijua atakuwa upande wangu. Alisema mtoto amekua, amemaliza kozi, kazi ni baraka. Nikahamishia simu sikio la pili kwa hasira. Lakini akaongeza jambo moja: Shirleen amemwambia hatatoka nyumbani kwangu mpaka nimuage vizuri. Mtu hatoki kwa mama yake mdogo kama anayetoroka. Nisipombariki atangoja.

Atangoja! Nikashukuru, nikakata simu, nikatembea sebuleni kama mtu aliyeshinda kesi. Kumbe hata sihitaji kukataa. Nyamaza tu.

Owuor anasema tumwambie angoje mpaka Disemba, shule zikifungwa. Shule zikifungwa ndiyo tutamhitaji zaidi. Nikamwambia hivyo. Akasema basi Februari.

Augusta alihitaji nyapara, mbwa na sheria za serikali. Mimi nina heshima tu, na hailipiwi chochote. Nimeandika hivyo kwa mzaha. Nimeusoma mara ya pili, haukuchekesha sana.


Jumanne, 12 Agosti

Leo nimekuwa nyota, na ninataka kujifukia.

Ni ile sehemu ambayo Hester anaomba ruhusa. Maneno ya Bronwyn ni magumu, kama barua ya kata. Akasema, Zilpah, acha karatasi, mjibu kwa maneno yako, mama kama huyu angesema nini? Nikaenda mbele ya kile kiti. Nikafungua mdomo. Kikatoka Kiingereza kitamu, bila kutafuta neno: after everything I have done for you. Nimekuweka hapa kama wangu. Nani amekuhesabia tonge? Watoto wamekuzoea. Umekosa nini hapa?

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Yule mama wa mgongo alisema mwili umemsisimka. Bronwyn alikuwa anaandika mbio. Akaniuliza nimesoma wapi, ni utafiti gani huu, ni shajara za wanawake wa kusini mwa Marekani?

Nikasema ndiyo. Nimesoma sana.

Ningesema nini? Kwamba nimeyatoa jikoni kwangu, juu ya samaki? Bronwyn ameyaingiza yote kwenye mchezo. Yatachapwa kesho.


Jumatano, 13 Agosti

Sikulala vizuri. Nimekuwa nikijitetea kwa dari.

Kwanza, sisi si watu wa Georgia. Mtoto wa dada ni mtoto wako. Mimi mwenyewe nililelewa kwa aunty yangu Nakuru, nikapika, nikafua, nikabeba watoto wake mgongoni, na ndiye aliyenipeleka chuo cha uuguzi. Hivyo ndivyo watu wetu wanavyoinuana. Pili, simlipi Shirleen kwa sababu huwezi kumlipa mtoto wako. Tatu, ana chumba chake. Karibu chake. Kina mashine ya kufulia.

Nne, nilipoondoka Nakuru aunty alinipikia kuku na kuniombea mbele ya watu. Hili la nne lilikuja lenyewe, sikuliita.


Jumamosi, 16 Agosti

Mapacha wanacheza. Adongo amekaa kwenye kiti kidogo. Apiyo amevaa kilemba changu na funguo za gari zimefungwa kiunoni kwa kamba ya kiatu. "After everything I've done for you!" anamfokea mwenzake. "Who is going to wash my socks?"

Niliwauliza wamejifunza wapi mchezo wa Mummy, maana sijawahi kuwapeleka mazoezini. Apiyo akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "What play?" akasema. "I'm being you."

Shirleen alikuwa anakunja nguo pale pale. Alicheka kidogo, akaficha mdomo kwa taulo. Mimi pia nilicheka, kwa sauti kubwa kuliko wote, nikaenda nje kuangalia kama bini za taka zimetolewa barabarani. Si siku ya bini.


Jumatano, 20 Agosti

Nasahau maneno. Leo nimesahau hata jina la kijana wangu mkubwa wa kwenye mchezo, nimemwita Owuor. Bronwyn anasema ni woga wa kawaida.

Shirleen hajauliza tena. Anapika, anaiteremsha sufuria, ananiwekea chakula, anasema, "Aunty, umechoka, kula." Afadhali angenitukana. Mara mbili nimefungua mdomo kumwambia nenda mwanangu, nenda salama. Mara ya kwanza Adongo alitapika. Mara ya pili hakuna kilichotokea, nilifunga tu mdomo.


Ijumaa, 22 Agosti

Naandika chooni. Choo cha ukumbi. Mlango nimeufunga, daftari liko magotini, na gauni la Madam Augusta limejaa kila pembe kama hema la harusi. Niandike haraka.

Leo ni mazoezi ya mwisho kabla ya onyesho la kesho, tumevaa kila kitu. Owuor yuko kazini, kwa hivyo Shirleen alikuja na mapacha, wakakaa nyuma na pakiti ya krisps. Kesho ndiyo siku yake ya kuhama. Asubuhi nililiona begi lake kando ya kitanda, limefungwa zipu. Nikalipita kimya, kama unavyompita mbwa usiyemjua.

Mama anayesoma sauti ya Hester ameshikwa na homa. Bronwyn akatazama ukumbini, akamwona Shirleen. Nikasema hapana, huyu ana haya sana, hawezi. Nilimsemea kama kawaida yangu. Shirleen akasimama. "I can," akasema.

Akapanda jukwaani. Hakwenda nyuma ya pazia. Alikalia kiti. Kile kiti cha Hester.

Alisoma vizuri, sauti tulivu, mpaka tukafika kwenye ombi. Hapo akakunja karatasi, akaiweka mapajani, akaniangalia machoni.

"Aunty," akasema kwa Kiswahili, "kesho nataka kuenda. Naomba uniage vizuri. Usiniache nitoke kwako kama mwizi."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa sisi na mapacha. Adongo aliacha kutafuna.

Na mimi? Mimi niliyesahau maneno wiki nzima? Yalikuja yote! After everything I have done for you, mstari baada ya mstari, mkono kiunoni, funguo zinalia, mpaka umekosa nini hapa. Sikukosea hata neno moja. Sijawahi kuigiza vizuri hivyo maishani, hata kwenye fainali za taifa.

Wakapiga makofi. Bronwyn alikuwa anafuta macho. Akasema ile lugha ya Hester imelipatia tukio uzito, tuiache hivyo hivyo kesho? Shirleen alikuwa bado ameketi, mikono juu ya ile karatasi, ananingoja.

Nikasema nahitaji choo.

Basi niko hapa, mjane wa Georgia, na wanja unanitiririka hadi kidevuni. Nina aibu. Nampenda yule mtoto, huo ni ukweli. Naogopa nyumba isiyo na yeye, na huo pia ni ukweli. Naogopa kimya chake, na naogopa Jumatatu, nani atawapeleka shule, nani atajua Apiyo hali mayai. Nimejaribu kutenganisha ni kiasi gani ni mapenzi na ni kiasi gani ni nguo za kufua. Haitengani. Ningesema tu nenda. Neno lina silabi mbili, hata mlevi anaweza kulitamka.

Hatua nje. Amebisha.

"Aunty, uko sawa?"

Nimesema niko sawa, gauni limenasa.

Kisha, polepole, bila hasira hata kidogo:

"Lile jibu ulinipa, Aunty. Ni la play, ama ni lako?"

Nimevuta maji ya choo. Yamepita kwa kelele ndefu nzuri. Yameisha. Viatu vyake bado viko chini ya mlango.

Nimevuta tena.