Mkono wa Kutupia Tufe

Jumatatu, 3 Mei 1982
Mwalimu Klara kanipima mkono leo kwa futi ya fundi cherehani. Haujaongezeka hata kidogo! Tangu Krismasi natupa jiwe asubuhi na jioni mpaka bega linawaka, na mkono ni ule ule.

Yeye kacheka. Alikuwa akitupa tufe chuoni alikosomea ualimu, anajua. Kasema makosa yangu ni mawili: sipumziki, na sili. Misuli haijengwi saa ya kutupa. Inajengwa baadaye, ukishalala, ukiwa umekula vyakula vya kujenga mwili. Mimi nilidhani ugali mwingi unatosha.

Tarehe 3 Julai watu wa timu ya Magereza wanakuja Shinyanga mjini kuchagua wasichana. Ukichaguliwa unapata ajira hapo hapo — sare, mshahara, kitanda chako mwenyewe. Nikikosa, nimekwisha. Baba keshasema: pamba ikivunwa, niolewe. Wala hakufoka. Alisema huku anavaa viatu.

Alhamisi, 6 Mei
Programu mpya. Siku moja kazi, siku moja kupumzika. Siku ya kazi: kuchuchumaa na kuinuka na debe la mchanga mabegani, pushapu, kunyanyua mchi kwa mkono mmoja mmoja, halafu tufe la shule. Machache lakini mazito — na kila wiki niongeze mchanga kidogo.

Bibi Mbuke, mama yake Baba, kaniona natoka mtoni na debe, namwaga, najaza tena. Kamwuliza Mama kama nimelogwa.

Siku ya kupumzika ndiyo ngumu. Nakaa naogopa. Yule msichana wa Kahama nitakayeshindana naye Julai, saa hii labda anatupa!

Jumapili, 16 Mei
Chakula. Maharage yapo, karanga zipo kidogo, maziwa ya mgando ni ya Baba. Dagaa wa Mwanza wamepanda bei. Sukari na sabuni hata usiulize. Mwalimu anasema basi, mayai. Na kuku tunao!

Lakini Bibi hataki kusikia. Msichana akila yai atazaa mtoto asiye na nywele. Kwa hiyo naokota bandani alfajiri kabla Mama hajaamka, nachemsha kwenye birika, maganda nafukia nyuma ya zizi. Leo Mama kalalamika mayai yanapungua. Baba kasema ni kenge, katega kamba mlangoni mwa banda. Mguu wangu ulibaki kidogo tu unaswe.

Jumanne, 8 Juni
Mkono wa blauzi umechanika! Nilikuwa najinyoosha tu. Nimefurahi mpaka nikaogopa. Mwalimu kapima: umeongezeka. Na tufe linakwenda — leo limepita mti wa mpera ambao sikuwahi kuufikia.

Paskazia, rafiki yangu, kanishika bega kisimani, kasema nimekuwa dume, mwanamume gani atanitaka. Wengine wakacheka. Nilirudi na ndoo nikiwaza. Kumbe dawa ninayo! Kwani Mama kaniambia jana: kuna wageni wanakuja kuniona, watu wa Masumbwe, mzee mmoja Nkwabi na kijana wake. Wanataka msichana mweupe, laini. Waje tu, waone mabega haya.

Jumatano, 23 Juni
Sijui niandike nini. Mjinga mimi. Mjinga!

Wamekuja. Mama alinitolea gauni la mikono mirefu, nikakataa, nikavaa blauzi ile ile iliyochanika. Nikapiga magoti, shikamoo. Mzee Nkwabi kaitikia marahaba, kanitazama kidogo tu. Kijana wake, Mihayo, hakuinua macho kabisa. Mwembamba, masikini, kola ya shati inamzidi shingo.

Nikaona haitoshi. Nikaenda jikoni, nikakibeba kinu pamoja na mahindi yake, bega moja, nikapita nacho katikati ya wageni kama mtu asiye na adabu. Baba aligeuka rangi. Mama akafunika mdomo.

Mzee Nkwabi kasimama. Nilidhani anaondoka. Akapiga makofi! Akanishukuru kwa Kisukuma, kaniita mwanawe: “Wabeja! Ng’wana wane, wabeja!” Kamgeukia Baba: kwake Masumbwe shamba ni kubwa, wake za wanawe wanakaa kivulini wanajipaka mafuta, huyu ndiye aliyekuwa anamtafuta. Weupe hauvuni pamba, kasema. Halafu kauliza mnamlisha nini mtoto huyu. Baba katunisha kifua: “Kwangu wanakula.”

Ng’ombe walioongelewa kwanza wameongezwa. Nimejipandisha bei kwa bega langu mwenyewe. Nililia zizini.

Jumapili, 27 Juni
Sasa nalishwa! Baba kaamuru nipewe maziwa, asubuhi na jioni, nisije nikakonda kabla ya ng’ombe kufika. Jana walichinja mbuzi, nikapewa paja. Bibi Mbuke mwenyewe — Bibi Mbuke! — kaniletea mayai mawili kwenye bakuli. Kasema ya nywele tutaangalia mbele ya safari.

Nakula. Nifanye nini? Nikila, namnenepeshea mzee wa Masumbwe. Nisipokula, tufe halifiki. Leo nimetupa mbali kuliko siku zote, Mwalimu karukaruka kama mtoto. Mimi nikaenda kuokota tufe, nikachelewa makusudi kurudi.

Wanaleta ng’ombe Jumamosi. Tarehe 3.

Ijumaa, 2 Julai
Mwalimu kasema kuna lori la pamba la ushirika, linaondoka hapa Songwa alfajiri kwenda mjini. Dereva anamfahamu. Niwepo njia panda. Mimi sikuahidi.

Jioni nilikuwa natwanga na Mama. Nikaanza kumwambia, sikumaliza. Yeye katoa kifurushi chini ya khanga: michembe ya viazi, karanga, mayai ya kuchemsha. Kakiweka juu ya daftari hili. Nikamwuliza anajua tangu lini. Kasema tangu Mei.

“Kenge hachemshi mayai,” kasema, akaendelea kutwanga.

Baba atamfanya nini kesho? Hilo ndilo sikuweza kuuliza.

Jumamosi, 3 Julai
Uwanjani, Shinyanga. Naandika nimekaa kwenye majani, daftari juu ya goti, mwandiko mbaya.

Nilipanda lori. Nilikula mayai juu ya marobota. Nimetupa mara mbili, ya pili nzuri — mimi na yule wa Kahama tunakaribiana. Bwana wa Magereza alinijia, kanitazama mabega, kauliza nani ananifundisha, nakula nini. Akasema nikiongeza kidogo tu raundi ya tatu ananichukua. Kisha akauliza mzazi wangu yuko wapi, maana hawachukui binti bila baba kukubali. Nikasema yuko nyumbani.

Hayuko nyumbani. Yuko pale kwenye uzio! Sijui wamefikaje, pengine basi la Mwadui. Baba, na Mzee Nkwabi na kofia yake. Mama simwoni. Nilijua watanivuta mkono mbele ya watu. Hawakuja. Mzee anawaonyesha watu wa pembeni, anaeleza kwa mikono, kinu, bega. Niliposogea kuchukua maji nilisikia: “Mkwe wangu yule! Atarusha tena, mtaona!” Baba anatabasamu, mbele ya watu wote. Sijawahi kumwona hivyo.

Nikitupa karibu, Magereza wataniacha. Nikitupa mbali, mzee ndiye anayeshangilia kuliko wote.

Bwana wa Magereza kaambiwa baba yangu ni yupi. Anakwenda. Kawapa mikono wote wawili. Wanaongea. Baba kakuna kidevu, anavyofanya mnadani akiwa bado hajakubali. Sasa wote watatu wanacheka, wamegeuka, wananyooshea mkono wangu vidole.

Jina langu linaitwa. Raundi ya mwisho. Naacha kalamu, hawajamaliza kuongea.