Friwili Niliyomchomelea Gasipari

Biryogo, Kigali
Novemba 1992

Kwa Baba yangu, Mzee Maganga, Tabora.

Shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri na unapumua vizuri, maana Dada Zuhura aliniandikia kwamba kile kikohozi cha alfajiri bado hakijakuachia. Na Mama, goti lake linasemaje? Mimi mwili ni mzima, nakula, natembea. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya, na kudanganya nimechoka nako.

Barua hii nimempa dereva wa lori, mtu wa huko kwetu, anayepitia mpaka wa Rusumo. Za posta siku hizi zinafunguliwa. Sina siri ya serikali, Baba, wala habari za vita sina zaidi ya wanazosema redioni. Ni kwamba haya nitakayokwambia sitaki mtu mwingine ayasome kabla yako.

Unajua nilikuja huku nikiwa na maringo ya ufundi wangu. Nilisema watu wa milima hawajui baiskeli, nitakwenda kuwaonyesha. Na kweli nilipata wateja. Kilichonishinda ni vipuri. Barabara ya kutoka Uganda imefungwa kwa ajili ya vita, na kinachopita Rusumo ni chakula na mafuta kwanza. Raba za breki hakuna. Friwili hakuna kabisa. Mtu anakuja na baiskeli ambayo friwili yake ya gurudumu la nyuma imekwisha meno ya ndani, anapiga pedeli zinazunguka bure, gurudumu limetulia tuli. Utamwambia nini? Nenda nyumbani ukangoje vita viishe?

Basi nikatafuta akili. Nikawa naipeleka friwili kwa jirani yangu mchomeleaji, anaiziba yote kwa moto, inakuwa chuma kimoja. Gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, hazina kupumzika. Mpandaji akitaka kupunguza mwendo anakaza miguu, anazizuia pedeli kwa nguvu za magoti. Nilikuwa nawaambia wateja, "Breki mtainunua ya nini, nanyi mnayo miguu?" Wakacheka, wakapendezwa nayo. Walikuja mpaka wa Masoro na Kagugu, kote huko mashambani, kumtafuta Mtanzania anayefufua baiskeli.

Baba, najua ulichosema hapo uliposoma. Nimekusikia kutoka huku. Ulitufundisha kwamba baiskeli isiyo na breki haivuki kizingiti cha fundi, hata mwenyewe akulilie. Nami nilikuwa nikijijibu kwamba Mzee hajaona shida hii, angeiona angefanya vivyo hivyo. Mwenye kutaka kukosea hakosi wakili.

Gasipari alikuwa mchuuzi wa maziwa wa Kagugu. Mtu mrefu, mpole, meno ya mbele yameachana. Kila asubuhi alileta mjini madumu mawili ya maziwa, wenyewe huyaita bidoni, moja huku moja kule ya keria. Siku alipokuja kwangu alisema, "Fundi, hii igare inanichezea. Napiga pedale, yenyewe haiende."

Nikamuuliza breki ziko wapi.

"Feri ilikufaga zamani. Mimi nafunga na sandari tu."

Yaani mteremkoni anaziacha pedeli zitulie, anauinua mguu mmoja, anakandamiza soli ya sandali yake ya tairi juu ya gurudumu la nyuma. Wachuuzi wengi huku ndivyo wanavyofanya. Nilimcheka. Nilimwambia hiyo ni breki ya maskini, mimi nitampa ya kisasa.

Nikaichomelea friwili yake. Kisha nikaijaribu kama ulivyonifundisha, mwenyewe nimepanda, mizunguko mitatu mbele ya duka. Pale mbele ya duka langu pako tambarare, Baba. Ndiyo sehemu pekee tambarare katika mtaa mzima, na niliichagua nilipokuwa natafuta chumba kwa sababu ilinikumbusha Tabora. Nilizunguka mara tatu, bila mzigo, nikakaza miguu, ikasimama pale nilipotaka. Nikamkabidhi, nikampiga begani nikamwambia nenda kwa amani.

Hapo ndipo nilipomuua. Ule mtihani ni wa kwetu. Kwetu mtu anaweza kwenda kutwa nzima bila kukuta mteremko wa kumtisha mbuzi. Huku nchi yote imesimama wima, nami nimekaa miaka miwili nikipanda na kushuka kwa miguu yangu mwenyewe, nikihema, na bado halikunijia wazo la kuipeleka baiskeli moja mlimani na mzigo juu yake. Hata moja, Baba.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Gasipari akateremka mlima wa Kacyiru kuelekea bondeni, bidoni zimejaa. Walioona wananiambia mwanzoni alikuwa anakaza vizuri. Kisha magoti yakachoka, pedeli zikamshinda, zikawa zinazunguka zenyewe na kumpiga miundi. Akajaribu kuuinua mguu auweke juu ya tairi kama zamani. Ataufikishaje, na pedeli hazitulii? Nilimnyang'anya hata ile breki ya maskini niliyomcheka. Akaingia kwenye mtaro wa mawe chini kule, na bidoni zikamwangukia.

Nilimkuta hospitali, kifua kimefungwa. Aliponiona alihangaika kutaka kukaa, kwa heshima. Akaniambia, "Fundi, usiogope. Ni kosa yangu mimi. Magoti ilichoka. Wewe ulifanya kazi mzuri." Nikamjibu, "Pole, utapona." Siku ya tatu akafa.

Kwenye msiba Kagugu walinipa kiti. Wao wanakaa chini, mimi nimepewa kiti, kwa kuwa ndimi fundi wa marehemu na nimetoka mbali. Mkewe, Veneranda, alinishika mikono miwili akanishukuru. Mzee mmoja akasimama akasema ni mvua, mwingine akasema ni siku yake ilifika. Nami nikaitikia, ndiyo, siku yake. Nilikunywa chai yao, Baba, nikaondoka.

Baada ya wiki tatu Veneranda akaja dukani. Ameisukuma ile baiskeli kutoka Kagugu, rimu ya mbele imepinda inachechemea, mtoto mgongoni. Alitaka niinyooshe ili kaka yake, Selesitini, abebe maziwa, maana ng'ombe hawajui kwamba kuna msiba. Hapo nikashindwa. Nikamketisha, nikamwambia yote: friwili, pedeli, sandali, ile mizunguko yangu mitatu. Nikamwambia, mumeo hakukosea, mimi ndiye niliyekosea.

Alikuwa anamtikisa mtoto. Sikuweza kumtazama. Kisha akasema polepole, wala hakupandisha sauti:

"Sasa nikikuchukia, fundi, ni nani atanitengenezea igare?"

Baba, ningeomba anitemee mate. Ningeomba aite watu wa mtaa. Aliuliza vile kama mtu anayeuliza bei, kisha akangoja jibu.

Nikaitengeneza. Nilivua gurudumu la nyuma la baiskeli yangu mwenyewe, friwili yake nzima, na breki zangu zote mbili na raba zake, nikamfungia. Safari hii niliipeleka Kacyiru, nikaipakia mawe, nikateremka nayo mpaka chini mara mbili. Ilisimama. Niliporudi nililala usingizi wa kweli, wa kwanza tangu msiba.

Jumatatu iliyopita nilikuwa njiani kwenda mjini, nikamwona Selesitini anateremka. Mguu juu ya tairi, moshi unatoka kwenye soli. Nikamkimbilia, nikampigia kelele mbele za watu breki ziko wapi.

"Feri tuliuza," akasema. "Mtoto ya dada alipata malaria, dawa ikakosekana. Usikasirike, fundi. Sandari iko, naenda polepole."

Mtoto amepona, nimemwona kwa macho yangu. Selesitini akanishika mkono, akapanda, akaendelea kushuka.

Nimewatafuta na wengine niliowachomelea. Ninaowajua nimewafuata majumbani, nikawasihi wazirudishe baiskeli nizing'oe zile friwili. Mmoja wa Masoro alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Utanipa friwili ingine?" Sina. "Basi niache, nakwenda kazini." Wote jibu ni hilo hilo. Wengine siwajui hata majina, na kila mvua ikinyesha nasimama mlangoni kama mpumbavu nikisikiliza. Duka nimelifunga tangu Jumatatu. Watu wanagonga, wanafikiri naumwa.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri, mengine umfiche. Nisalimie Dada Zuhura na shemeji yangu, na Mjomba Kasongo kinyozi, na mke wangu Mwajuma umwambie barua yake iko njiani. Sijapata maneno yanayoweza kusomwa mbele ya watoto. Jirani yetu mshona viatu naye nisalimie.

Sasa ombi langu. Najua moyo wako, utataka kuniandikia kwamba ni kazi ya Mungu, nisali, nivumilie. Tafadhali usiandike hivyo. Wameshaniambia huku, kuanzia marehemu mwenyewe. Niandikie kama ulivyokuwa ukituandama pale kibandani, mtu akifunga nati vibaya ukamkaripia mbele ya wateja. Uniambie nilifanya nini, na kama mkono huu unastahili tena kushika baiskeli ya mtu. Veneranda hana nafasi ya kunikasirikia, Baba. Nikasirikie wewe.

Ni mimi mwanao,
Mrisho