Vidole Begani kwa Mama

Mwenzangu, nakurekodia huku natembea.

Ile programu ya kaka ya kuchora mti wa ukoo wetu, kazi ya picha aliniachia mimi. Nikate uso wa kila mtu kutoka kwenye picha yake, niupunguze uingie kwenye kisanduku chake. Nimewakata wote, mpaka babu asiye na meno nikampendezesha.

Leo kaka kaufungua mti sebuleni. Wote wapo. Mimi sipo!

Nikauliza polepole, "Kaka, na kisanduku changu?" Akacheka. "Mti ni wa damu, mdogo wangu. Wewe ulilelewa tu. Usininunie."

Ulilelewa tu! Tangu nanyonya chupa!

Nikamtazama mama. Anafuta miwani.

Sikiliza sasa. Kaka akaikuza picha ya mama. "Vidole vya nani hivi begani? Kata tena." Ni vyangu, siku ile nilimkumbatia. Mama anajua ni vyangu!

Unajua alisema nini? "Kata tu, mwanangu, picha ipendeze."

Mwanangu! Ananiita mwanangu huku ananiambia nivikate vidole vyangu mwenyewe.

Nikasema, "Akate mwenye damu." Sauti yangu hata mimi sikuitambua. Nikatoka. Sasa niko nje kwenu, nifungulie.