Kuamkia Si Kukubaliana

Geneva,
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo ya Mama nayo imo humu. Mpe yake kabla hujaendelea kusoma, maana mara iliyopita alilalamika kwamba ulimaliza ukurasa mzima ndipo ukamkumbuka. Goti lake linaendeleaje na baridi hii ya Juni? Na kifua chako je? Kaka Paulo aliniandikia kutoka Mtowisa kwamba bado unaamka alfajiri kwenda kwenye ulezi, upepo ukikukata masikio, na ukiambiwa uvae kofia unasema kofia ni ya wazee. Baba, wewe ni mzee. Vaa kofia.

Mimi ni mzima kabisa, namshukuru Mungu. Nakula, nalala, na lile koti mlilolicheka kwenye picha limepumzika sasa, kwa sababu huku jua limerudi. Mayai nimeshazoea kuyala bila ugali. Dagaa wa Mama Mdogo wa Kirando walifika salama, ila ofisi nzima iliniuliza ni kitu gani kimekufa kwenye droo yangu.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi, hata mlango sijafungua. Nimeisoma tena mara nyingi. Umeandika hivi: "Skola, watu wamesikia redioni kwamba huko uliko mnatetea watu wanaomtukana Mungu. Kama si kweli, niambie nipate usingizi. Kama ni kweli, niambie pia." Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Nakushukuru, Baba, kwa hayo ya mwisho. Wazazi wengine wangeandika sehemu ya kwanza tu, na mtoto angejibu uongo ili mzee alale.

Basi nakuambia yote. Najua desturi yako: unavaa miwani, unasoma peke yako kwanza, halafu unamsomea Mama ukiruka mahali usipopapenda. Hii usiruke.

Ofisi yetu ina watu wanne na birika moja la chai. Tunafuatilia watu waliofungwa kwa sababu ya maneno yao, kisha tunayapeleka majina yao kwenye mkutano wa mataifa unaozungumzia haki za binadamu. Humo ukumbini serikali hukaa mbele, na sisi wa vikundi vidogo tunakaa benchi za nyuma kabisa. Kila kikundi kina dakika tatu za kusema. Zikiisha, kipaza sauti kinazimika chenyewe, hata kama uko katikati ya neno.

Mwaka huu mataifa kadhaa yalileta azimio la kuzitaka nchi zote zizuie watu kukashifu dini. Ukilisikia hivyo tu, Baba, ungelipigia kura mikono miwili. Hata mimi ningelipigia, kama nisingemjua Yunusi.

Yunusi ni mwalimu wa shule katika nchi mojawapo ya zile zilizoleta azimio. Nchi yenyewe siitaji kwa sababu barua hufunguliwa njiani. Dini yao pia siitaji, maana nikiitaja utasema, "Ala, kumbe ni wale," na hapo utaacha kunisikiliza. Kwao, viongozi wa dini huchaguliwa na serikali. Yunusi akaandika kwenye kagazeti kadogo ka mjini kwao akiuliza kwa nini iwe hivyo, na ndani yake akatia utani juu ya mtu mtakatifu wao. Huo utani nimeusoma. Si mzuri, wala sikucheka. Lakini serikali ilikasirikia swali, ikamfunga kwa utani. Amepewa miaka sita. Mkewe, Sara, alikuwa hajaruhusiwa kumwona hata siku moja tangu achukuliwe.

Sara alikuja huku ili asikie jina la mumewe likisomwa. Mimi ndiye niliyeandikishwa kulisoma. Hakuna mwingine ambaye angeweza kunipokea zamu, kwa sababu anayesema ni yule tu ambaye jina lake limeandikwa na kitambulisho kiko shingoni mwake. Tulikuwa tusome mchana. Sara alikaa kando yangu tangu asubuhi, mikono ameilaza juu ya mapaja, kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

Sasa sikia nilivyoharibu.

Mjumbe mmoja wa nchi tajiri alikuwa anasema. Alilirarua lile azimio kwa maneno, na hiyo ni haki yake, ila alitia na dharau kwa waumini, kama vile kumcha Mungu ni ugonjwa wa watu wasiosoma. Hata mimi niliudhika. Alipomaliza akakunja karatasi zake. Balozi wa nchi ya Yunusi, mzee wa makamo yako lakini nywele zote nyeupe, akainuka na mkongojo wake ili atoke nje. Njia inapita kwenye benchi zetu. Akafika mbele yangu, akasimama kupumua, macho yetu yakakutana.

Baba, magoti yalikunjika yenyewe. Nikachuchumaa pale pale kati ya viti, nikainamisha kichwa, nikapiga viganja polepole, vile mlivyotulea. Sikufikiri. Mtu mzima amesimama mbele yangu na mimi nimekaa, nifanye nini?

Lakini huko hakuna anayejua jambo hilo. Walichokiona wao ni mtu wa benchi za nyuma akimpigia makofi yule aliyemaliza kutukana, tena mbele ya uso wa mzee aliyetukanwa. Na kupiga makofi humo ni marufuku kwetu. Mwenyekiti, mama mmoja mkali, akagonga nyundo yake ya mbao. Mlinzi akanishika kiwiko kwa adabu, akanitoa, akanivua kitambulisho shingoni. Nilipogeuka nilimwona Sara amesimama, hajui lugha ya humo ukumbini, hajui nimefanya nini, anajua tu kwamba mtu aliyebeba jina la mumewe anatolewa nje.

Nilikaa kwenye chumba cha walinzi nikilia kama mtoto. Mkuu wa ofisi yetu alikuja akaniuliza, "Skolastika, umepatwa na nini?" Nikamweleza. Akasema hilo haliwezi kuandikwa kwenye barua ya kuomba radhi kwa sababu hakuna atakayeliamini. Akaenda kutafuta njia nyingine. Hakuipata.

Ikafika saa ya chakula. Mlango ukafunguliwa, akaingia yule mzee balozi, peke yake. Niliinuka. Nilitaka kuchuchumaa tena, nikajizuia, nikabaki nimepinda katikati kama mtu mwenye kichomi.

Akaniuliza, "Binti, asubuhi ulikuwa unanizomea au unaniamkia?"

Nikasema, "Nilikuwa nakuamkia, mzee wangu. Kwetu Ufipa mtu mzima hupigiwa viganja."

"Lakini nimekuona umekaa na mke wa yule mwalimu. Unajua mimi natoka wapi?"

"Najua."

"Sasa unaniamkiaje?"

"Kuamkia si kukubaliana, mzee."

Akacheka. Meno yake mengi yameng'oka, naye hakuficha mapengo. Akasema bibi yake alikuwa akipiga viganja hivyo hivyo akipokea kitu, na kwamba hajaona mtu akifanya hivyo tangu walipomzika. Akaketi, akaandika karatasi kwa mwenyekiti kwamba aliyeheshimiwa ni yeye, wala halalamiki, nirudishiwe kitambulisho changu. Kabla ya kutoka akaniuliza, "Na mchana utasema nini?"

"Nitasema azimio lenu ni baya."

"Sema basi. Ila usipitishe dakika tatu, sisi wazee tunasinzia."

Mpaka leo sijui nimshukuruje mtu huyo. Angeweza kunyamaza tu, na jambo lake lingenyooka.

Mkuu wetu alikuwa ameniandikia hotuba nzuri, yenye vifungu na namba za mikataba. Zamu yangu ilipofika niliiweka pembeni. Alinuna mpaka juzi. Baba, nilisema habari zako.

Niliwaambia kuhusu mwaka ule vyama vingi vilipoingia na kila mwenye kipaza sauti akawa mhubiri. Niliwaambia jinsi yule mhubiri mgeni alivyosimama pale sokoni Sumbawanga, akasema juu ya Mama Bikira Maria maneno ambayo sikuyarudia huko na siyaandiki hapa. Vijana wa kigango walikuja na fimbo. Nawe, katekista wao, ukasimama kati yao na yule mtu, mgongo wako kwake, ukasema, "Mwacheni amalize. Akimaliza, nami nitasema." Ulisimama jua lote lile. Alipomaliza akafunga vyombo vyake akaondoka, hakungoja kukusikiliza. Ukasema hivyo hivyo, bila kipaza sauti, mbele ya watu kumi na kitu na mbuzi wa mama muuza maharage.

Halafu nikawaambia jambo ambalo hukujua kama nililiona. Unisamehe. Nikawaambia kwamba jioni ile hukula. Ulikaa jikoni ukifuta macho, Mama akaniambia ni moshi, nisiulize. Niliwaambia: "Msidhani sijui kwamba kutukaniwa Mungu wako kunauma. Nimemwona baba yangu akilia. Lakini kesho yake hakwenda polisi. Alikwenda kufundisha watoto." Hapo nikasoma jina la Yunusi na jina la baba yake, lote, taratibu, na kipaza sauti kikazimika.

Tulishindwa, Baba, tena vibaya. Azimio lilipita. Mzee balozi aliinua mkono wake pamoja na wenzake, wala sikutegemea asiinue. Serikali yake ndiyo iliyomtuma. Lakini watu walipokuwa wakitoka alinijia benchi ya nyuma, akatoa kalamu, akasema, "Lile jina. Lilikuwa likitamkwaje?" Nikamtajia. Sara akamsahihisha herufi moja. Akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwenye kitabu chake cha mfukoni. Hakuahidi kitu. Alipogeuka kuondoka aliniambia nikusalimu, akakuita "yule mwalimu wa dini". Salamu zake ndizo hizo, nimezifikisha.

Juzi Sara alipiga simu ofisini kutoka kwao. Wamemruhusu kumwona mumewe. Robo saa, askari amesimama kati yao. Amekonda, ndevu zimejaa mvi, lakini ni yeye. Kifungo kiko pale pale. Sara alikuwa analia na kucheka, nami upande wa huku vilevile, mpaka mkuu wetu akasahau kununa akanipa kitambaa chake. Sijui kama ni kitabu cha yule mzee kilichofungua mlango huo. Najua tu kwamba asiyekuwapo na lake halipo, na siku ile kwa dakika tatu Yunusi alikuwapo.

Kwa hiyo umeuliza, nami nimejibu: ndiyo, ni kweli. Ninamtetea mtu aliyesema ovyo juu ya mambo matakatifu. Siutetei utani wake. Na kila mtu huku akiniuliza nilijifunzia wapi kazi hii, nataja vyuo kwa sababu ndicho wanachotaka kusikia. Ukweli ni kwamba nilijifunza pale sokoni, nimebeba kikapu cha Mama. Ahsante, Baba. Sijawahi kukuambia, na barua nyingi nimeandika.

Nisalimie wote. Paulo mwambie mpunga aliouahidi naungoja, asiniletee habari za barabara ya Mtowisa. Mama Mdogo wa Kirando ashukuriwe kwa dagaa, ila mara nyingine awafunge vizuri zaidi. Jirani yetu Mzee Masanja unisalimie pamoja na ng'ombe wake, na umwambie bado nakumbuka maziwa aliyotuletea yeye wakati Mama anaugua. Watoto wa dada yangu hapo Katandala wabusu wote, na yule mkubwa asome.

Nina ombi moja, na ndilo lililonifanya niandike Jumapili. Siku ambazo padre hafiki kigangoni, wewe ndiye unayesoma maombi ya waamini. Mwombee Yunusi, mwana wa Ilyasi, kwa jina, kwa sauti, watu wote wakisikia. Watakuuliza ni nani, na najua hutawadanganya. Utawaambia amefungwa kwa nini. Wengine watakasirika, labda hata wale vijana wa fimbo, ambao sasa ni wazee wa kanisa. Hata wewe mwenyewe moyo utakuuma. Ukiona huwezi, Baba, niandikie tu kwamba huwezi, nami nitakuamkia vilevile.

Ni mimi mwanao ninayekupenda,
Skolastika