Bakuli la Kaka Mwinyi

Kampala, mwezi tano Ramadhani

Mama yangu, shikamoo. Nimefika salama, na Kaka Mwinyi nimemwona kwa macho yangu. Usiseme tena kuwa amelowea ugenini akasahau kwao.

Jana nilimtazama akicheza mpira. Amechezea Mombasa, amechezea Nairobi, sasa yuko na timu ya kiwanda cha pamba, na mvi zimeshamwingia. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja tope tupu. Wakati wa mapumziko wenzake walifyonza machungwa. Yeye alisukutua tu, akatema. Nahodha akamsihi, "Mzee, kunywa japo funda moja." Akajibu, "Nimefunga." Kisha akarudi kuwakimbiza vijana wa watu, peku, kama alivyokuwa akitukimbiza mchangani kwetu Mlingotini, mpaka akatia bao la ushindi kwa kichwa. Wakambeba juu juu. Mama, nililia bila haya.

Magharibi tulifuturu chumbani kwake kwa tende na ndizi za kuchemsha, bila nazi! Akaniuliza polepole, "Mama bado ananiwekea bakuli langu la futari?" Nikamwambia huachi hata siku moja, miaka yote hii. Nikaungama pia kuwa mimi ndiye ninayelimaliza.

Alicheka, halafu akasema, "Mwambie Mama, kumi la mwisho la mfungo bakuli langu alifunike kawa. Nawe usiliguse. Nakuja kulila mwenyewe."

Nakubusu mikono, Mama. Mwaka huu na mimi niwekee langu.

Mwanao Sefu