Wimbo wa Ng'ambo ya Ziwa

Neema mjukuu wangu,

Sisi wa Hagsätra, huku Uswidi, ni wazima. Mama yako bado anauguza wagonjwa katika hospitali ya Flemingsberg, na mdogo wako namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi.

Nyimbo ulizotuma kutoka Auckland nimezisikia, ule wa Kisamoa na ule wa Kitonga, lugha za visiwa vya huko, nami nashindwa kuzitofautisha. Unaniuliza: kwa kuwa umejifunza Kisamoa kidogo, na Kitonga ni ndugu yake, uimbe ule wa Kitonga kwenye harusi ya rafiki yako anayeolewa na Mtonga?

Sijui, mama. Nilipokuwa msichana kule Uvira, kwaya yetu ilishika wimbo wa Kirundi redioni, kutoka ng'ambo ya ziwa. Sisi Wafuliiru tulidhani tumeuelewa, maana lugha zetu ni ndugu. Tukauongezea ngoma, tukauimba harusini, watu wakacheza. Nyanya ya bwana harusi, Mrundi, akaanza kulia. Kumbe kwao waliuimba wakimuaga marehemu! Tukanyamaza.

"Nani amewaambia mnyamaze?" akatufokea. Akasimama, akauimba mpaka mwisho, anacheza huku machozi yanamtoka.

Mpaka leo sielewi kama tulimuumiza au tulimfurahisha. Sikumuuliza, na sasa hayupo.

Wewe kamuulize nyanya ya huyo bwana harusi kabla hujaimba. Halafu uniambie na mimi, maana jana nilikuwa napika sombe, nikauweka ule wa Kitonga nikaanza kucheza, ghafla nikaogopa, nikauzima.

Nyanya yako