Spika Zinazoongea na Baba

4 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia kidogo na oda za mapazia hazijakuelemea. Mimi mzima, ila jua la juu ya nguzo limenibabua pua. Tumefika nguzo ya umeme ya mia moja na kumi. Simu huku hazishiki, kwa hiyo barua zinakwenda na lori la mahitaji.

Baba hajambo? Najua hatajibu ukimpa salamu zangu. Mpe tu.

Uliponiambia kwamba tangu presha ya macho ilipomaliza jicho la pili anashinda chumbani, na televisheni umeifunika kitambaa, nilikosa raha wiki nzima. Mtu aliyeendesha lori la mafuta miaka thelathini, na kila akipata likizo anatupeleka sinema hata kabla hajavua viatu vya safari! Nikawaza: macho yamekwenda, lakini masikio si yapo? Nataka kumnunulia spika za maana, zile ndefu za kusimama sakafuni, moja kila upande wa televisheni, na sabufa yake ya kubeba besi.

Duka lililo mkabala na posta lina jozi mbili. Nyeusi, na za rangi ya mbao. Kampuni moja, kimo kimoja, hata karatasi zake za maelezo karibu zinafanana neno kwa neno. Nyeusi zina besi nzito zaidi, na mimi naegemea huko. Nenda ukazisikilize, uniambie.

Mwanao


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma nikikaa na unauma nikisimama, kwa hiyo nimeamua kutousikiliza. Hiyo pua ipake mafuta.

Nimekwenda dukani. Dada muuzaji ni mchangamfu, akanikalisha kwenye kochi, akanifungulia nyeusi: magari yanalipuka, nyumba zinaanguka, mkoba ukaniruka mapajani. Akafungua za rangi ya mbao: yakalipuka magari yale yale. Akaniuliza, "Mama, umesikia tofauti?" Nikamwambia ndiyo, kwa kumwonea aibu. Mwanangu, sikusikia kitu. Ingekuwa vitambaa viwili ningekwambia kwa kidole tu kipi kitachuja, lakini hizo kwangu ni mapacha.

Nilivyorudi nikamwambia baba yako. Akasema, "Kipofu ananunuliwa sinema? Basi mnunulieni na gari." Akageukia ukutani.

Unajua si gari analolisema. Siku ile ulipompokonya funguo, ukapiga kelele, "Huoni, Baba, huoni!" na majirani wote wamesimama pale, ulisema kweli. Lakini tangu siku hiyo mwaka umepita na jina lako halijamtoka mdomoni. Mimi ninyi wawili mmenichosha. Nyote ni wangu.

Mama yako


5 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimepaka mafuta, pua inaendelea vizuri. Wewe nenda ukaonwe huo mgongo.

Barua yako nimeisoma juu ya nguzo, nikaogopa nitadondosha koleo. Naomba kipande hiki umsomee Baba. Akikataa, kisome kwa sauti ukiwa mlangoni.

Baba, shikamoo. Siku ile uliporudisha gari nyuma ukaugonga ukuta wa jirani, mtoto wao alikuwa ametoka pale dakika ile ile. Wewe hukumwona. Mimi nilimwona. Hofu ikanitoka kama hasira. Kuchukua funguo sijutii. Ninachojutia ni kukuvua nguo mbele za watu, wewe uliyenifundisha kukaa nyuma ya usukani. Ningekuvuta pembeni. Ningekuambia taratibu, tukiwa wawili. Nisamehe.

Mama, mambo ya spika tuyaache. Sitaki adhani nanunua msamaha wake dukani.

Mwanao


11 Aprili

Mwanangu,

Najua umepokea malori mawili bila barua yangu. Hatuumwi. Nilikuwa sina la kukuandikia, na sasa ninalo mpaka kalamu inanikimbia.

Kipande chako nilimsomea. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Basi, hakusema tena. Siku tisa! Nikajua tumeharibu zaidi.

Siku ya kumi tunakula mchana, akauliza, "Hizo spika alizipima nani?"

"Mimi."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa milipuko."

Akacheka, mwanangu. Nilikuwa nimeanza kusahau kwamba anacheka kwa pua. "Mlipuko hata debe linaweza! Spika inapimwa kwa mtu anayeongea." Akatafuna, kisha akasema, "Viatu vyangu umeviweka wapi?"

Mtu ambaye mwaka mzima ametoka kwenda kliniki tu! Nilimpigia pasi shati kwa haraka, nikaunguza kola kidogo, sikumwambia.

Dukani akakataa kochi. Akaomba kiti kigumu, akakiweka katikati mwenyewe kwa kupima hatua. Yule dada akataka kuanza na magari yake. Baba yako akamwambia, "Mwanangu, nitafutie watu wawili wanaongea chumbani. Na sabufa izime kwanza."

Akafunguliwa nyeusi. Akasikiliza mikono ikiwa magotini, kama yuko mbele ya daktari. Akafunguliwa za rangi ya mbao. Akarudishiwa nyeusi. Dada akanikonyeza, akamwambia, "Mzee, hizi nyeusi ndizo vijana wanazipenda, besi yake inatikisa kifua."

"Besi si umeniambia kuna sabufa?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo ndiyo kazi yake. Hizi nyeusi zinataka kuifanya zenyewe, zinameza maneno ya yule mwanaume. Akishusha sauti simpati. Hebu washa sabufa, uniwekee tena za mbao."

Akawekewa. Mara akainua mkono, akaelekeza kushoto, juu kidogo. "Mwanamke amesimama pale," akasema. "Amegeuka, anaongea akiangalia dirisha. Sasa anarudi."

Nikatazama kwenye kioo cha televisheni. Mwanangu, ndivyo ilivyokuwa. Kila alivyosema.

Yule dada akashusha remoti. Baba yako akamwambia kwa upole, "Zote ni nzuri, usinielewe vibaya. Ila nyeusi nazisikia tu. Kwa hizi namwona mtu."

Nikajifanya naangalia bei, kumbe nafuta macho na kuvuta kamasi. Yeye akashtuka, akaniuliza, "Umepata mafua?"

Agiza za mbao.

Mama yako


23 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimewasomea mafundi wenzangu barua yako, na msimamizi wetu, ambaye hacheki hata akitekenywa, aliniomba nirudie pale pa mafua.

Na mimi nilikuwa nimeng'ang'ania nyeusi kwa kusoma karatasi! Nimepanda kilima, nimewapigia duka. Wataleta za mbao Jumatano, na sabufa. Waya zilizozidi zisikatwe, mwambie Baba zikunjwe tu.

Amesema lolote kuhusu lile nililomwandikia? Usimlazimishe.

Mwanao


20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo umepata dawa ya kuchua, na mkandarasi wa kuchua ni baba yako, kwa hiyo sasa nina matatizo mawili.

Spika zimefika. Siku tatu sebule ilikuwa karakana. Sogeza hii shubiri moja, geuza ile kidogo inaangalia kabati, hapana, rudisha. Sabufa tuliiweka kona, vikombe kabatini vikawa vinaimba. Basi akaniamuru niiweke kwenye kiti chake yeye, iendelee kupiga, halafu mzee mzima akashuka sakafuni akawa anatambaa kufuata ukuta, anasikiliza. Jirani akaingia kurudisha bakuli langu, akamkuta hivyo, akataka kukimbilia maji. "Nyamaza," baba yako akamwambia, "natafuta besi." Akapata mahali inaposikika safi, karibu na mlango. Tukaihamishia sabufa hapo, na kweli vikombe vimenyamaza. Na huyo jirani ndiye yule wa ukuta. Alikaa mpaka sinema ikaisha, na mwanawe mapajani. Baba yako akamuuliza mtoto yuko darasa la ngapi sasa.

Chumbani anaingia kulala tu. Mchana baada ya cherehani tunakaa sisi wawili, kitambaa cha televisheni nimekishona mfuko wa nguo za kufua.

Sasa yuko hapa pembeni, ameniambia niandike anavyosema, nisiongeze wala nisipunguze:

"Mwanangu. Barua yako nilisomewa mara mbili na nyingine tatu nilijisomea mwenyewe kichwani. Funguo ulizichukua kwa haki. Kelele nimeisamehe, ila na mimi nisamehe huo mwaka wa kukununia, maana nilijua siku nyingi kwamba sioni, nikaendelea kuendesha. Hilo sikumwambia hata mama yako."

(Kweli hakuniambia. Nitashughulika naye baadaye.)

"Likizo yako njoo. Spika zinanipa sauti, zinanipa mtu amesimama wapi. Nikitaka kujua yukoje namuuliza mama yako. Jana kwenye sinema mwanaume kaambiwa mkewe amepatikana mzima. Kimya. Nikamuuliza mama yako, je, uso wake ukoje? Akanijibu, 'Koti limeshonwa vibaya mabegani.' Mwanangu, miezi yote ya mbele siwezi kuangalia makoti. Nahitaji mtu wa kunisimulia nyuso. Njoo ukae kushoto kwangu."

Koti lilikuwa limeshonwa vibaya, na nitalisema tena.

Sahihi hii ya chini iliyopanda mlima ni yake. Amekataa nimshike mkono.

Mama yako

na Baba